Baada ya Panya

Walianza na sabuni. Kipande cha mche
kilicholala juu ya pipa, asubuhi kina alama za meno.
Kisha kadi ya kliniki ya mtoto.
Kisha kanga mpya ya mama mkwe, pale penye jina:
wakala nusu ya usemi
tukabaki hatujui kanga ilitaka kumsema nani.

Kisha gunia.

Nyumba hii ya Kitangali si yangu.
Kwetu mwanamume huhamia ukweni na begi lake,
akaonyeshwa msumari wa kutundika shati.
Bati ni la Binti Chinguile, mikorosho ni yake,
hata jogoo akiwika humwikia yeye.
Mwaka wa saba huu natembea taratibu,
nala kilichowekwa mbele yangu.

"Mkwe," akasema, "korosho zinapungua.
Wewe ndiye mwanamume humu. Waondoe."

Nikaazima paka kwa Nandonde.
Akalala kutwa juu ya mkeka wa muhogo,
usiku akamaliza dagaa wetu,
alfajiri akarudi kwao bila kuaga.

Nikatega ndoo: maji nusu, kopo kwenye waya,
kopo limepakwa karanga za kusaga.
Somoe akaja na tochi, akachungulia.
Hakumtafuta panya, alitazama maji.
"Dumu tunanunua, tunapanga foleni,
wewe unawaogesha panya?"
Akayachota yote, akafulia nepi.

Sumu, hapana. Kuku wanazurura,
na mtoto kila kitu anatia mdomoni.
Pilipili niliyochoma ilitutoa sisi:
watu watano uani, saa nane usiku, tunakohoa,
na kule darini, shangwe.

Nikamwendea Shaibu, darasa la nne,
bingwa wa panya wa shambani,
aliyewahi kuleta kumi kwenye kijiti, wamebanikwa,
tukawala na ugali wa muhogo mpaka tukalamba vidole.
Akanusa gunia kama fundi anayepigiwa bei.
"Wa shamba anakula mizizi, ana utamu wake.
Huyu wa ndani kala sabuni na kadi ya kliniki.
Nikimtega, nani atamla?"

Daftari mbili na kalamu. Akakubali.

Siku nne za mianzi na uzi wa kiroba.
Kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa mama,
wanawe tukawakuta kwenye mfuko wa koti langu,
koti lile nililojia,
watano, wekundu kama ncha za vidole vya mtoto.
Somoe akawazoa na kuwamwaga uani.
Kuku hawakuuliza umri.

Usiku ule nyumba ikanyamaza,
kimya cha kusikia bati likipoa.
Upande wa pili wa ukuta
Binti Chinguile akapima korosho zake upya,
kisado baada ya kisado, bila haraka.
Akafunga gunia.
Akakaza fundo la pili.

Nami macho yako darini.
Namwona kijana wa kangomba na pikipiki yake,
nyuma ya mnara wa simu,
bakuli lake la plastiki lililofifia rangi.
Haulizi, haandiki.
Bakuli moja Jumatatu, bakuli moja Ijumaa.
Sigara. Soda. Vocha. Viatu vya Shaibu,
nilivyosema nimevipata kwa mkopo.
Na kila nikirudi nalitoboa gunia kwa msumari,
tundu dogo, nachakuachakua kingo zake ziwe kama za meno,
kisha napuliza vumbi lisibaki.

Wanasema panya huuma huku akipuliza.
Mtu asihisi.

Kesho atapima tena.
Kisado kitatosha, au hakitatosha,
na nyumba nzima hakuna wa kuelekezewa kidole
mwenye mkia.

Saa tisa nikanyanyuka, pole pole, kama mkwe.
Nikaacha mlango wa uani wazi, upana wa vidole viwili,
na kizingitini
nikaweka karanga tatu.