Ripoti ya Winga wa Kushoto

Jina: Ezron Ndahani. Jezi kumi na moja,
namba imeshonwa kwa uzi mweusi, moja ya pili imeanza kuachia.
Mguu: kushoto. Wa kulia ni wa kusimamia tu.
Urefu sikupima; anainama kidogo kupita mlango wa kwao.

Upepo wa Kibaigwa uliwapiga usoni kipindi kizima cha kwanza,
vumbi jekundu, pumba za mahindi kutoka sokoni,
refa akijikinga macho kwa kadi ya njano.
Krosi saba. Tano zilikwenda kwa wapakiaji
waliokaa juu ya magunia nyuma ya goli,
wakazirudisha na matusi.
Moja alidaka kipa. Moja,
na hiyo moja natamani mngeiona wenyewe,
ilipinda na upepo kana kwamba walikuwa wameongea asubuhi,
ikashuka juu ya paji la mshambuliaji
ambaye hata hakuruka.
Goli.

Hatua tano za mwanzo: umeme.
Baada ya mita thelathini anapoa kama chai ya msibani.
Hainui kichwa. Ana mpira, ana mstari wa majivu, basi,
wenzake awasikie kwa sauti.
Bega la kushoto liko chini kuliko la kulia.
Nilidhani ni jeraha; ni lumbesa.
Jumatatu hadi Ijumaa anapakia malori,
gunia lililoota kichwa cha pili juu ya kamba.

Umri. Cheti kinasema kumi na tisa.
Mama yake, akinisogezea ugali wa uwele,
akasema bila kufikiri:
"Huyu nilimzaa mwaka wa elinino,
maji yalichukua choo na mbuzi wawili."
Kisha akanyamaza. Nami nikanyamaza,
uzi wa mlenda ukining'inia kati ya bakuli na kidole.
Hesabu ilinishinda shuleni, ila hiyo naiweza.
Nilipoaga akaniambia, "Mkiwachukua hawa, hawarudi.
Wa jirani alikwenda na begi langu."

Dakika ya themanini na moja.
Beki wao, Chilongani, kabanwa na msuli, kalala chali,
na Mpwapwa wameuona upande ule
uko wazi kama mnada uliokwisha.
Ezron alikuwa mbele kabisa, karibu na kibendera cha kona.
Hakuna aliyemwita.
Akageuka, mita sabini,
na upepo, ambao kipindi hicho ulikuwa wao, ukimgonga kifuani.
Mimi niliyeandika kwamba baada ya thelathini anapoa
nilifuta, nikaandika tena, nikafuta.
Karatasi imetoboka hapo, mtaona.
Akautoa mpira nje,
akarudi kumnyoosha Chilongani mguu.

Nimecheza beki miaka kumi na moja.
Goti hili ndiyo stakabadhi yangu.
Hakuna winga aliyewahi kurudi kwa ajili yangu,
hata mmoja, hata kwa kutembea.
Basi pimeni ripoti hii mkijua nani ameiandika.

Matarajio baada ya miaka mitatu:
kama ana kumi na tisa, mchukueni kesho.
Kama ni mtoto wa elinino, miguu itaanza kuomba radhi
kabla shingo haijajifunza kuinuka.
Kwenye umri nimenakili cheti.
Kalamu haikukwama. Niliyekwama ni mimi.

Saa kumi na mbili jioni nilipita sokoni.
Alikuwa chini ya gunia, bado na soksi za timu,
moja imeshuka, moja imepanda.
Akanisalimu kwa nyusi,
maana shingo ilikuwa kazini.
Hakuniuliza kitu.

Maoni mengine: fomu imebakiza mstari mmoja.
Nimeandika neno moja, Hurudi.
Huko ofisini mtalisoma mnavyojua.
Mama yake naye, akisomewa,
atasikia lake.