Kofia ya Kirusi

Al-Khoudh, saa nane usiku, kiyoyozi kinakoroma.
Nimekiinamia kirusi cha kunde,
ndugu wa kile kilichotia mabaka
majani ya bustani yetu Samail.
Nimekikamua uchawi wake, limebaki ganda;
juu ya ganda napachika protini
ziutambue uvimbe hata gizani,
mojamoja, kama mama ashonavyo kofia,
tundu kwa tundu, akiusuta uzi.

Mara ya nne zimebanduka.
Jasho limejaa ndani ya glavu.
"Fumua," husema mama, "anzia ukingoni."

Nafumua. Nabadili chumvi, napunguza joto,
nangoja.
Kunapopambazuka, darubini yasema: zimeshika.

Simwambii mtu.
Mama kalazwa wodi ya saba, kofia haijaisha,
na dawa hii, kwanza,
ni ya panya.