Maoni ya Mwalimu

Kwa wazazi wa Gredi ya Tatu, hapa Langoni:
kadi zenu hizi, mhuri umepigwa.
Kila somo lina visanduku vinne:
amezidi matarajio, amefikia, anakaribia, yuko mbali.
Nimetia tiki kama nilivyoagizwa.
Chini kabisa pana nafasi ya maoni ya mwalimu,
upana wake vidole viwili.
Nimeongeza karatasi.

Mama Famau, mwanao hesabu amefikia.
Kadi haisemi kwamba kugawanya alijifunza
kwa punda wa babake:
punda watatu, mawe arobaini na mawili ya kujengea.
Akainua mkono. Mwalimu, mmoja ana kidonda mgongoni,
naye tumtwike kumi na manne?
Nikafungua kitabu cha majibu, kurasa za nyuma.
Punda mwenye kidonda hamna.

Kwa akina Mwanahawa:
alivunja kioo mwezi wa sita, mkalipa, ahsanteni.
Kioo bado kinangojwa kutoka Mokowe.
Msilolijua ni kwamba tangu siku ile
amehamia dawati la dirishani, hakutumwa na mtu,
na upepo ukiingia hulaza kiwiko
juu ya daftari la mwenzake lisifunuke.
Hilo sikuliona kisanduku chake.

Bwana Lali, kuhusu pacha wako.
Nakiri. Mwaka mzima nimewachanganya.
Alama za sayansi za Shee huenda ni za Bakari.
Wenyewe wanajua, na hawasemi.

Bi Rukiya, mjukuu wako Zena aliandika insha,
mistari sita, wa kwanza huu:
"Mato ya bibi yangu hayaoni karibu."
Nikalikata mato kwa wino mwekundu,
nikaandika juu yake macho,
mimi niliyeshuka juzi tu kutoka Wundanyi
na bado napotea vichochoroni nikitafuta mkate.
Zena akanitazama, hakusema neno.
Usiku nilirudi kwenye daftari lile na kifutio.
Wino mwekundu haufutiki, karatasi ikatoboka.
Ukiona tundu katika mstari wa kwanza,
tundu hilo ni langu.

Mama Shekuwe, nimekuweka mwisho makusudi.
Barua hii huisomi. Uliniambia mlangoni, bila kuinamisha kichwa:
"Mwalimu, mato ninayo, herufi sina."
Basi sasa hivi anakusomea yeye,
nawe unachagua mchele, unajifanya husikilizi sana.
Kadi yake yasema: kusoma, anakaribia.
Mwezi wa pili alisoma kwa kidole,
na kidole kikifika mwisho wa mstari
kilisimama kama mtu aliyefika ukingoni pasipo ngazi,
nami nilikishika, nikakirudisha kushoto,
tukaanza upya.
Mwezi wa tisa nilisahau kukishika.
Siku ile sikuiandika popote.

Kwa hiyo nakuwekea hapa neno, Shekuwe, usiliruke:
wamekwishasikilizana.
Vuta pumzi. Na jingine:
yasiyotarajiwa.

Mama, ikiwa ameyavuka yote mawili
bila kuinua uso kukutazama wewe,
chukua kalamu. Kwenye kusoma, kisanduku cha pili,
tia tiki mwenyewe.
Kijistari kinatosha, hata kikipinda.
Mwalimu mkuu akiuliza, nitasema mkono ni wangu.
Na kama amekwama, usimsaidie upesi.
Mchele hauna safari.

Mengineyo:
kofia tatu na kiatu kimoja cha kushoto viko ofisini.
Shule itafunguliwa Januari, siku ya Jumatatu.
Kila mtoto aje na ufagio mmoja.
Shekuwe, rudia mstari huo, mama asikie vizuri:
ufagio mmoja.

Wenu, Mwalimu Mghoi.