Dole Gumba

Tita la mkonge ni majani thelathini.
Nalijua hilo kama ninavyolijua jina la mama yangu,
maana miaka tisa nilikuwa karani, kambi namba nne,
nje kidogo ya Muheza,
penseli sikioni, daftari kwapani,
shati jeupe lisilojua utomvu.

Utomvu ulikuwa wa wengine.
Ulikuwa wa Ntabaye, mtu wa Kigoma,
mikono imebabuka hadi viwikoni,
aliyekata matita mia na kumi kabla jua halijafika utosini,
nami nikaandika themanini.
Thelathini yaliyobaki nikampa mtu asiyekuwepo,
jina nililitunga mwenyewe: Mgeni Mwenda,
hana jasho, hana kaburi,
na kila mwisho wa mwezi alipokea mshahara
kwa mkono wangu.

Ntabaye hakujua kusoma.
"Yako sawa, karani?"
"Yako sawa."
Akachovya kidole, akaweka dole gumba
chini ya uongo wangu, taratibu,
kama mtu anayebandika stempu kwenye barua ya kwao.

Masika ya mwaka ule mwanawe akaugua.
Akaja kuomba kukopa. Meneja akafungua daftari:
"Mvivu huyu. Themanini kwa siku!"
Nilikuwa nimesimama palepale.
Nilichonga penseli.

Sitasema mtoto alipona au hakupona.
Sijui. Na jiwe lenyewe ni hilo: sijui.
Waliondoka usiku, na mlango wa chumba chao
ukabaki ukijipigapiga mpaka asubuhi.

Nikaacha kazi. Nikapanda michungwa, ikazaa.
Watu wakasema, Mntambo amebarikiwa.
Jumapili nikajipiga kifua, nimekosa mimi,
nikitaja makosa madogomadogo
kama mtu anayelipa deni la elfu kwa sumni.
Usiku nikahesabu.
Mia na kumi, toa themanini,
zidisha kwa siku, kwa miezi.
Nikafunga. Nikalipia bati la kanisa.
Deni likanenepa kama kupe.

Kwaresima hii nikaenda kwa Padre Semkiwa.
Nilimkuta uani anaziba pancha,
amezamisha mpira kwenye beseni, anatafuta povu.
Nikasema yote nimesimama:
daftari, Mgeni Mwenda, mtoto, penseli.
Hakuinua macho. Povu likatoka, akaliziba kwa kidole.
"Na hizo hesabu," akauliza,
"nani kakuajiri uendelee kuziandika?"

Nikakosa jibu.

Miaka yote nilidhani Mungu ni karani mwenzangu,
penseli sikioni, ananingoja nikosee jumla.
Kumbe Yeye yuko upande wa pili wa meza,
kwenye foleni ya waliobabuka mikono,
Yeye aliyepunjwa, akaandikwa mhalifu
na kazi yake ilikuwa kamili.
Na chini ya hati yangu,
yenye tarakimu zote, za kweli safari hii,
pale palipongoja dole langu,
pana dole jingine.
Wino wake si wa buluu.

Nililia pale uani, mtu mzima na mvi zangu,
na Padre akaendelea kupaka gundi
ili nisione haya.

Sikulipa ili nisamehewe.
Nilisamehewa, ndipo mkono ukafunguka.
Nimeuza shamba la bondeni. Nimeandika barua Kasulu,
kwa mapadre, kwa watendaji wa kata,
namtafuta mtu aitwaye Ntabaye,
au mwanawe, kama yupo.
Majibu hayajaja. Pengine hayatakuja.
Jina lake nalitaja sasa kwa sauti, mezani,
na chakula kinapita kooni.

Juzi mke wangu aliniambia,
"Jana usiku hukuhesabu."

Leo wachumaji wamekuja kupima vikapu.
Nikachomoa penseli sikioni,
nikampa binti wa mchumaji mmoja, wa darasa la sita.
"Andika wewe," nikamwambia,
"kisha msomee baba yako."