Sepetu Mlangoni

Walifika saa moja kasoro, kabla ya gari la taka,
vijana sita na ngazi tatu,
wakaliegesha kontena lao juu ya nyasi
ambazo Chester huzikata kwa mshazari.
Hakusema kitu. Alitoa kiti chake cha turubai
akaketi karibu na sanduku la barua,
kama mtu aliyejikuta kwenye mazishi ya asiyemjua.

Paa lile aliliezeka yeye na nduguye Ray,
wikiendi mbili za mwezi wa nane,
mwaka ambao kitindamimba wetu alianza shule.
Vigae vya lami, rangi ya mkaa uliozimika;
dhamana ilisema miaka thelathini.
Wa ishirini na saba, changarawe zikaanza kushuka
mferejini kila mvua, nyeusi, laini,
mithili ya machicha ya kahawa.
Kisha pembe zikajikunja.
Kisha sufuria juu ya kitanda cha wageni.
Ufa tuliziba, jamani. Tuliziba kwa gundi,
kwa kipande cha kopo, kwa "nitapanda Jumamosi,"
mpaka goti lake likaikataa ngazi
na mimi nikakataa kuishika.

Adhuhuri Osmín, msimamizi, mtu wa Olancho,
alishuka na ubao uliooza mkononi.
"Nani alipiga misumari hii?"
Chester akanyoosha mgongo, tayari kwa kesi.
"Sita kila kigae! Wengine hupiga minne.
Vijana wangu wanakutukana tangu asubuhi."
Mume wangu akacheka,
mara ya kwanza tangu tulipotia sahihi.

Jioni wakasukuma sumaku ya magurudumu kwenye nyasi,
ikarudi imeota manyoya ya misumari.
Bati likang'aa kijani
hata Bi Delphine, ng'ambo ya barabara, akashusha mapazia.
Miaka hamsini, alisema muuzaji.
Nikapiga hesabu kimya: mimi sabini na moja,
yeye sabini na sita.
Tumewanunulia paa watu tusiowajua,
watakaolala chini yake wakiilaumu rangi.

Mvua haikupiga kelele nilizoziogopa.
Januari ndiyo iliyozungumza.
Ziwa Erie lilitutupia theluji siku mbili mfululizo,
na usiku wa tatu kitu kikanguruma juu yetu,
kikateleza, kikatua uani
kwa kishindo kilichogonganisha vikombe kabatini.
Nikanyoosha mkono: upande wake ulikuwa baridi.

Nilimkuta mlangoni, buti moja mguuni,
sepetu mkononi, taa ya nje inawaka.
Majira ya baridi arobaini alipanda kulikwangua paa,
nami chini nikimpigia kelele ashuke.
"Imeshuka yenyewe," alisema.
"Yote?"
"Yote."
Alikuwa bado anatazama juu.

"Gari limefukiwa," nikamwambia.
Akainama, akatafuta buti la pili.