Daftari la Asumini

Mali bila daftari huisha bila habari,
alinifundisha baba, karani wa forodha,
basi nami ninalo: jalada la buluu, kona zimeliwa na mende.
Kurasa za mbele ni madeni ya uzi wa kofia.
Za nyuma nimeziachia maua.

Ingizo la kwanza:
mche mmoja wa asumini, Mokowe, mia nne na hamsini.
Boti, kwenda na kurudi.
Punda wa kuupandisha hadi Langoni, hamsini,
baada ya kuteta.
Ukafa siku ya tisa.
Nilipiga mstari mwekundu chini ya jumla
kama mwalimu aliyekasirika.

Kofia moja hunichukua miezi mitatu,
tundu kwa tundu, macho yakiwasha.
Sina kofia za kulipia kila ua litakalonifia.

Ndipo nikaanza kutembea na mkasi ndani ya buibui.

Husemwa kitawi cha kuomba hunyauka,
cha kuiba ndicho kishikacho.
Mimi sikuiba.
Nilikata kilichokwisha kuvuka ukuta,
na kilichovuka ukuta ni cha njia,
na njia ni ya punda na wapitao.
Ukuta ulikuwa wa Bi Mwanajabu, kule Mkomani.
Vitawi vitano.

Nikavikata mshazari, chini ya kifundo,
nikavipaa majani kama samaki magamba,
nikavichovya katika ute wa shubiri
iotayo yenyewe nyuma ya choo.
Mchanga nilichota.
Samadi? Mji mzima ni duka la samadi,
mwenye duka ana masikio marefu na hatoi risiti.
Vyungu: mikebe ya maziwa.
Vifuniko: chupa za maji za watalii, nimezikata vitako.
Nikaandika: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.
Sijapata kuandika tarakimu nzuri kuliko hiyo,
duara kama tundu la kofia.

Kisha kungoja, na kungoja daftari halina safu yake.

Mjukuu wangu Barake aling'oa kimoja
aone kama kimeota mizizi.
Kilikuwa nayo, miwili, myembamba kuliko uzi wangu.
"Bibi, kimeshika!" akapiga kelele,
nacho kinakufa kiganjani mwake.
Viwili vikageuka vyeusi.
Cha nne paka alikilalia.
Nikabaki na kimoja, nikawa nakipita kwa kunyata
kama chumba chenye mtoto aliyelala.

Mwaka wa pili kilikwisha kufika dirishani.
Wenye harusi wakaja kutaka maua ya vikuba;
kisahani mia moja, nikaandika upande wa kulia,
upande ambao kalamu yangu haikuuzoea.

Msimu ule ule chumvi ikapanda visimani Mkomani.
Nikapita, nikauona ukuta wa Bi Mwanajabu uko uchi,
umebaki na alama za mashina
kama mkono uliovuliwa bangili.

Akaniita mlangoni.
"Nasikia una asumini. Mche wauza kiasi gani?"
"Mokowe ni mia nne na hamsini," nikasema,
maana ndilo lililokuja mdomoni.
Akaanza kufungua fundo la leso,
polepole, vidole vimepinda,
nami nikatazama vidole vile hadi nikashindwa.
"Ngoja," nikamwambia.

Nilirudi na mikebe miwili, vitawi vimeshika vizuri.
Akakiinua kimoja, akakinusa.
"Yanukia kama yangu."
"Ilivuka ukuta," nikasema.
"Najua. Nilikuwa dirishani.
Ulikata vitano."
Akaitazama ile mikebe, kisha mimi.
"Hapa naona viwili."

Usiku nikafungua daftari, nikafuta, nikaandika tena:
Bi Mwanajabu, Mkomani. Anadai vitatu.
Ada ya kutazama bila kusema, miaka miwili:
hapo sikujua niweke nini.

Kesho nitapeleka mkasi ukanolewe.