Herminda Ajifunza Kina

Alipokuwa na miaka minne walimlaza mezani,
wakakata msuli, wakaushona upya,
na jicho la kushoto, lililozoea kuchungulia pua,
likarudi katikati kama mtoto aliyekemewa.
Mama yake akampeleka moja kwa moja kupigwa picha.
"Amepona," akawaambia majirani wa Kilima Mariposa,
na kweli, ukimtazama, amepona.

Hakuna aliyeuliza: yeye akitazama, anaona nini?

Mafahali wawili hawakai zizi moja.
Ndani ya kichwa chake ubongo ulishaamua zamani,
ukamfungia mmoja nje,
leo wa kulia, kesho wa kushoto, kamwe si wote,
na Valparaíso nzima ikalala bapa
kama shuka iliyopigwa pasi:
nyumba za mabati zimebandikwa juu ya nyumba,
bahari imebandikwa juu ya paa,
nyaya za umeme, mamia, fundo moja jeusi
lililochorwa na mtoto mwenye hasira.

Amepeleka barua miaka ishirini na sita.
Ngazi alizisoma kwa nyayo:
mia moja sitini na mbili kwenda kwa kina Oyarzún,
hamsini na tatu, kona, tisa, mbwa.
Alishuka mbio, mkoba begani, akihesabu kimoyomoyo,
watu wakisema huyu ana miguu ya mbuzi.
Vitu vidogo ndivyo vilivyomsaliti:
chai aliyoimimina kando ya kikombe,
na mpira wa mpwa wake Nibaldo
ambao haukuja, ulikua tu,
ukakua, ukakua, ukampiga usoni.

Kisha daktari Troncoso, mwanamke wa maneno machache,
akamfungia uzi kwenye kitasa cha mlango,
shanga tatu, nyekundu, njano, kijani,
ncha ya pili puani.
"Tazama ya njano. Nyuzi mbili zikivukana hapo,
macho yote yako kazini."
Miezi saba. Robo saa asubuhi, robo saa usiku,
kichwa kikiuma kama kimebanwa na mlango.
Nyuzi mbili zilikuja, zikaenda, mmoja ukazimika
kama taa ya jirani asiyelipa umeme.
Alilia. Alizitupa shanga chini ya kitanda.
Akainama, akazitafuta.

Kwa lugha hii ninayoandikia neno ni moja:
kina, umbali wa kwenda chini au ndani,
na kina, sauti mbili zinazokutana mwisho wa mstari
bila kuwa neno moja.
Sijui kama ni bahati tu.
Maana jicho hili huona upande huu wa sufuria kidogo zaidi,
lile upande ule,
na yasipofanana kabisa, wala yasitofautiane mno,
ndipo sufuria inapopata mgongo.

Ilimjia Jumanne, akingoja afunguliwe mlango.
Aliinua uso kuangalia kama mvua inakuja,
na zile nyaya zikaachana.
Moja mbele. Nyingine nyuma yake. Nyingine nyuma kabisa,
na kati yao, hapo ndipo alipoziba mdomo,
kati yao palikuwa na kati.
Njiwa alipita ndani ya hewa.
Alisimama na barua ya mtu mkononi
hata mwenye nyumba akauliza, kuna msiba?

Nami ningependa kumalizia kwa njiwa.
Lakini akageuka kurudi, na mbele yake palikuwa na ngazi,
zile zile mia moja sitini na mbili,
na safari hii zilikuwa zinashuka.
Kila kidato kina ukingo,
kila ukingo una shimo baada yake.
Miguu ya mbuzi ikaganda.
Akashika chuma cha pembeni, asichokigusa tangu utotoni,
akakaa kwenye saruji baridi,
akashuka kimoja kimoja kwa makalio
kama mtoto wa mwaka na nusu,
sketi ya sare ikichafuka,
akicheka, akiogopa,
akifumba jicho moja pale kilipozidi,
akilifumbua tena.